Lori la Mtani Wangu Lina Kabureta Mbili

Aliyetuletea kisa hiki ni mkazi wa Tabora. Jina lake tunalo sisi, na litabaki kwetu. — Mhariri

Ndugu wasomaji,

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, naishi Ipuli, nina mke, watoto na lori moja lililozeeka. Baadhi yenu mnanijua kwa barua zangu. Ni mimi niliyegombana humu na yule bwana aliyeandika kwamba Mwafrika hana haja ya barabara ya lami kwa kuwa miguu yake imezoea mchanga. Sikumwachia hata nukta. Leo sikuja kugombana. Wivu unanila, na hapa mjini sina wa kumwambia, maana anayenitia wivu wanampenda wote.

Kazi yangu ni kubeba asali na nta kutoka Ipole mpaka stesheni ya Tabora, njia ile ile waliyopita babu zetu na pembe mabegani. Ipole wana desturi yao. Msimu wa asali, lori linalopiga honi ya kwanza kwenye nyumba ya kwanza ndilo linalopakia. La pili linaokota makombo, au linarudi na abiria na kuku wao. Kwa miaka mingi honi ya kwanza ilikuwa yangu.

Kisha akaja Mzaramo mmoja, nitamwita Mwinyi. Lori lake ni la aina moja na langu, umri mmoja na langu. Lakini alikwenda kwa fundi Singasinga wa mjini, akang'olewa manifoldi, yaani lile bomba zito la chuma linalogawa hewa na petroli kwenye injini, akafungiwa nyingine nyepesi, nyeupe, iliyoagizwa Nairobi, ambayo waliotengeneza lori wala hawaijui. Ile ya asili inabeba kabureta moja, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Hii inabeba mbili. Tangu siku hiyo nakula vumbi lake.

Nilimpinga hadharani, pale kwenye kahawa. Nimesoma habari za magari kwa Kiswahili na Kiingereza, najua ninachosema. Nikawaambia: kabureta mbili zinafaa gari la mashindano, si lori linalotambaa mchangani na mzigo. Zitakunywa petroli, na vumbi litaziziba. Watu wakaitikia. Mwinyi akaweka kikombe chini, akasema, "Mtani, babu yako alikwenda Ipole kwa miguu, na pembe ya ndovu begani. Naona bado mnafuatana."

Baraza zima lilicheka, na hoja yangu ikafia pale.

Mnaoujua utani wa Mnyamwezi na Mzaramo mnaujua mtego nilionaswa. Mtani hakasirikiwi. Anaingia kwangu, anafunua chungu, anauliza, "Mke wetu hajambo? Nimemweka kwako kwa muda tu." Naye mke wangu, Mama Nyamizi, anamjibu, "Mume gani wewe, hata kanga moja hujaniletea." Kisha anacheka kicheko ambacho mimi sijakisikia kikitoka kwa ajili yangu miaka mingi. Nikinuna, naambiwa sijui mila.

Mwezi uliopita mama mkwe aliugua huko Ipole. Lori langu lilikuwa limevunjika springi, kwa hiyo mke wangu akapanda la Mwinyi. Aliporudi akasema, "Tulifika jua halijawa kali." Akaongeza, "Na njia nzima hakuna aliyenihutubia."

Wiki iliyopita nilikuwa na mke wangu njiani kwenda Ipole. Tukamkuta Mwinyi amekwama kwenye mchanga wa korongo, boneti iko juu, kabureta ya pili imeziba kwa vumbi. Ndugu zangu, nilifurahi kuliko siku ya kipaimara changu. Nilishuka nikamweleza sababu zote, moja baada ya nyingine, kama nilivyozieleza kwenye kahawa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Umesema kweli, mtani. Sasa nivute."

Nikafunga mnyororo, nikamvuta. Nilitaka Ipole nzima imwone akiburutwa. Nilikuwa bado natunga maneno ya kuwaambia watu pale tulipoifikia nyumba ya kwanza, na honi ikalia. Haikuwa yangu. Ilitoka nyuma, kwenye mnyororo.

Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Wazee wakajibu, "Honi ni honi. Hatukusema injini iwe inawaka." Mwinyi akasafisha kabureta yake, akapakia asali yote. Mama Nyamizi alicheka mpaka akashikilia mlango wa lori asianguke.

Mwenye akili angetosheka na aliyoyaona pale korongoni. Mimi kesho yake nilikuwa kwa fundi. Ana manifoldi moja tu kama ile, na ataniwekea mpaka mvua za kwanza, kisha anampa mtu wa Igunga. Ili niipate lazima niuze mizinga aliyoniachia baba msituni Ipole, ambayo asali yake ndiyo inayosomesha watoto. Nilipomwambia mke wangu, hakupandisha sauti.

"Uza. Lakini siku hiyo nami nakwenda kwa mama. Wala usinisindikize, nitapanda lori litakalotangulia kuondoka."

Sijui kama huo nao ulikuwa utani. Nimeshindwa kumuuliza.

Basi niambieni, wasomaji. Nikiinunua, nitakuwa nimekula maneno yangu mbele ya mji, nimeuza urithi wa baba, na pengine nyumba itabaki bila mwenyewe. Nisipoinunua, nitafuata vumbi la Mwinyi mpaka uzeeni, huku nikimkaribisha chakula. Hoja zote ninazo, na ninazishinda mwenyewe kila asubuhi, kisha nasikia lori lake likipita. Niifunge, au niiache iende Igunga? Ila asiniandikie mtu kuniambia niache wivu. Hilo nimeshalijaribu.