Kuta nyeupe kwenye mchezo wa Hamisi

Siamini bado kwamba naandika "alikuwa" baada ya jina la Hamisi. Jumatatu alinitumia ujumbe wa sauti, anacheka kwamba pikipiki kwenye mchezo wake wa kompyuta imeanza kuruka juu ya mikorosho. Ijumaa tumemzika Newala. Tulidhani ni homa tu.

Wengi wenu mnamjua kama fundi simu wa sokoni. Mimi namjua tangu shule ya msingi Masasi, kengele ikilia tunakimbilia kibanda cha gemu.

Kulikuwa na mchezo wa mashindano ya pikipiki. Toleo la kwanza, la pili, la tatu, yote tuliyamaliza. Padi moja ya kuchezea ilikuwa na kitufe kibovu, na Hamisi ndiye aliyekuwa anaichukua bila ugomvi. Akishinda nayo anasema, "Kingekuwa kizima ningekuonea, bwana."

Kisha waliokuwa wanautengeneza wakaacha. Toleo la nne halikuja. Sisi wengine tukasahau, tukaoa, tukaingia kwenye mashamba ya korosho. Hamisi hakusahau.

Alinunua laptop ya mtumba, akajifunza mwenyewe. Akasema anatengeneza mrithi wa mchezo ule. Nikamuuliza, "Si utakuwa umeiba?"

"Siibi. Mtoto akiitwa jina la babu yake, amemwiba babu? Anafanana naye, lakini anatembea kwa miguu yake."

Kwenye mchezo wake pikipiki inaanzia Newala na gunia la korosho nyuma, inashuka zile kona mpaka Masasi. Ukigonga shimo, korosho zinamwagika. Ukifika na gunia tupu, mnunuzi anakutazama tu. Pale nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Fedha za kuumaliza hakuwa nazo, akaamua kuchangisha. Huku kwetu mchango unaojulikana ni wa harusi na wa msiba. Basi akatengeneza kadi yenye maua na utepe, kama ya harusi kabisa, akaisambaza kwenye simu. Ndani aliandika vizuri kwamba ni mchango wa mchezo wa kompyuta. Sasa nani anasoma ndani?

Shangazi yake akaja kutoka Tandahimba na kitenge kipya, vigelegele tangu barabarani. "Bibi harusi yuko wapi?"

Hamisi akamkalisha, akampa padi mkononi. "Ndiye huyu, shangazi."

Shangazi akaanguka kona ya kwanza. "Mkwe gani huyu! Hata hatujajuana ananibwaga!"

Alicheza mpaka chakula kikapoa. Akatoa mchango wake, na alipoambiwa anaweza kurudishiwa kwa kuwa harusi hakuna, akakasirika kweli.

Jina lake likachorwa kwenye ukuta wa duka, pale pale alipoanguka. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani ya Hamisi. Kila aliyechangia angekuwa na duka lenye jina lake kando ya barabara, ndani ya mchezo.

Mimi alinifanya admin wa kundi la mchango. Alisema najua kuongea na watu kwa upole. Wengi wetu tuliahidi kutoa mwisho wa mwezi, mimi nikiwamo, na miezi ikapita.

Mwezi uliopita alinionyesha demo, kipande cha mchezo cha kujaribia. Nikapita duka la shangazi, nikapita la kinyozi jirani yake, mengine machache. Baada ya hapo kuta nyeupe, nyeupe, mpaka Masasi. Nikauliza hizi za nani.

"Za nyie wa mwisho wa mwezi, kaka."

Ulikuwa utani. Nikacheka. Nikamwambia safari hii kweli, mwisho wa mwezi.

Ijumaa asubuhi niliingia kwenye kundi lile lile nikabadilisha jina, kutoka mchezo wa Hamisi kuwa msiba wa Hamisi. Watu walewale. Kabla ya adhuhuri kila kitu kilikuwa tayari: mchele, maturubai, gari la kututoa Masasi mpaka Newala. Hakuna aliyeuliza mchango huu ni wa nini. Hakuna aliyetaja mwisho wa mwezi. Wa kwanza kutuma nilikuwa mimi.

Baada ya maziko nikaenda kumpa pole mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa anawatazama watu waliojaa uani mpaka nje. "Kumbe Hamisi alikuwa na watu wengi hivi! Yeye alikuwa ananiambia hawatoshi kujaza barabara moja. Nikadhani mwanangu hana watu."

Aliyasema kwa faraja kabisa. Mimi nikabaki natazama viatu vyangu. Mpaka leo sijui uso niuweke wapi.

Tangu juzi mnaniandikia, "Admin, shughuli imeisha, funga kundi." Ndiyo desturi, najua. Lakini sifungi. Nimelirudishia jina lake la kwanza.

Dada yake, Zuhura, amekaa na ile laptop, anasema kazi kubwa kaka yake aliifanya, kilichobaki ni kipande cha chini kabla ya kuingia Masasi. Atakimalizia tukimshika mkono. Mama ameridhia. Anayetaka kutoka kwenye kundi atoke. Sina mdomo wa kumlaumu mtu.

Mchango wangu nimeshampa Zuhura. Nimemwomba kitu kimoja, asiandike jina langu. Ukuta wangu uwe wa kwanza baada ya maduka yenye majina, na ubaki mweupe, ili kila nikishuka na pikipiki niuone.

Hamisi, ndugu yangu, ile padi mbovu sasa ni zamu yangu. Ulitusubiri sana barabarani na sisi tulikuwa hapa hapa.

Lala, fundi. Kona zilizobaki tunazishuka sisi.