Kikombe cha Namba Tisa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mvua ya hapa Tooting, London, inanyunya kama kawaida yake, na sisi tumejaa dukani kwa ami yangu Hassanali tunamtafuna mtu mzimamzima. Ndiyo, bibi yako nami nilikuwemo, tena sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu. Nimeikumbuka jana nilipokusikia unamtukana mfungaji wa timu yako kwenye hiyo simu, utadhani kakuibia. Na sasa unaniuliza mbona nimeweka kikombe cha tatu na tuko wawili tu. Haya, kaa nikwambie.

Siku zile ndio kwanza tulikuwa tumefika Uingereza. Walikuwapo Wahindi wenzetu waliofukuzwa Kampala, tulikuwapo sisi wa Mombasa, na wa Unguja pia. Nyumbani huyu anasema Kigujarati, yule Kikachi, mwingine Kipunjabi. Kilichotukutanisha ni Kiswahili, na timu yetu ya mpira ya Jumapili. Namba tisa wetu, mfungaji, alikuwa Nizari, wa Kampala. Huko kwao watoto walikuwa wakimfuata njiani kwa sifa ya mpira wake. Hapa alipakia mikate kiwandani usiku kucha, na wakubwa wake hata jina lake hawakuliweza. Jumapili tu, akishavaa ile jezi, ndipo alipokuwa Nizari tena.

Basi asubuhi ile alikosa bao, na golikipa kaanguka, wavu mtupu! Tukafungwa. Tukarudi dukani tumelowa chapachapa, na chai haijachemka, ubishi umeshawaka. Mimi nilimtaka Salimu, kijana wa Unguja mwenye mbio, aliyekuwa kakaa nasi pale, achukue nafasi yake. Wa Kampala wakang'aka: "Nizari hatoki! Nyinyi watu wa pwani mnapendeleana tu."

"Basi mpelekeeni na godoro," nikawajibu, "maana yule hulala uwanjani!"

Watu wakacheka mpaka wakaegemea magunia ya mchele. Nikajiona hodari kweli. Mmoja akadakia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwingine akasema mguu wa Nizari ulibaki uwanja wa ndege wa Entebe, pamoja na masanduku aliyonyang'anywa. Lo! Na hilo nalo tukalicheka, sisi ambao kila mmoja wetu alikuwa ameacha kitu huko.

Ami Hassanali hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alitoka nyuma ya kaunta, akageuza kreti tupu la soda, akaliweka katikati yetu. Kisha akamimina chai ya tangawizi kikombeni, akakitua juu yake.

"Cha nani, ami?" nikamuuliza.

"Cha Nizari. Barazani kwa marehemu baba, kule Mombasa, mtu akizungumzwa na hayupo huwekewa kikombe chake. Haya, keshakaa. Endeleeni."

Ala! Kila aliyefungua mdomo alikitazama kile kikombe kinafuka moshi, akaufunga. Mimi aibu ilinishika, mwanangu. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulinitia kazi kuuinua.

Mwishowe rafiki yake mmoja wa Kampala akasema taratibu, akikiangalia kikombe, "Nizari, umechoka, ndugu yetu. Tunaona."

Nami nikajikaza. "Salimu ana mbio, lakini hana wa kumpa mpira. Wewe macho unayo. Cheza nyuma yake." Maneno yangu hayakubadilika sana, bado nilimtaka Salimu mbele, ila sasa hata mwenyewe angeweza kuyasikia.

Tukashtukia mlango unafunguka. Nizari huyo, nywele zinachuruzika maji, jezi ameikunja vizuri mkononi. Alikuja kuirudisha na kutuaga.

Akakiona kikombe. "Nani hajanywa chai?"

"Wewe," akasema ami. "Tulikuwa tunakungoja."

Akakaa. Akakishika kwa mikono miwili, akakaa nacho hivyo kabla ya kunywa. "Nimesimama hapo nje kitambo," akasema. "Niliposikia ya Entebe nikageuka niende zangu, nisirudi tena. Halafu nikasikia mnaniita kwa jina."

Wallahi, hakuna aliyeweza kumtazama. Aliinywa chai yote, akampa Salimu ile jezi kwa mkono wake mwenyewe. Jumapili iliyofuata Salimu alicheza mbele na Nizari nyuma yake, anamlisha mipira. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulishinda? Sikumbuki hata! Nakumbuka kwamba alikuja.

Bishana, mwanangu. Mpira bila ubishi ni watu wanakimbia tu kwenye matope. Sema fulani asianze, sema kachoka, sema fulani anafaa zaidi. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Kwanza mwekee mtu kikombe, kama hiki cha tatu nilichomwekea mfungaji wako. Neno usiloweza kulitamka naye anakunywa chai mbele yako, limeze, na wala usiliandike kwenye hiyo simu.

Maana nawe utakuja kukosa bao, golikipa kaanguka na wavu mtupu. Hakuna asiyekosa. Na watu watakaa wakuzungumze. Mungu akulinde, akupe maisha marefu, na siku hiyo ukifungua mlango, akujaalie ukute chai yako imeshamiminwa, na ingali moto.