Galoni Ambalo Sikulitoboa

Msinionee huruma. Mama Neema hawezi kushika hata kijiko, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Tuna kikundi cha akina mama huku Ilemela. Tunaokota plastiki ufukweni, nyingine tunaletewa kutoka mashamba ya pamba ya Magu, tunazikata vipande vyembamba na kusuka vikapu. Mama Neema ndiye alikuwa fundi wetu. Tulikuwa tunamtania kwamba kikapu chake kingeweza kutekea maji.

Galoni la dawa ya pamba, ile sumu ya kuulia wadudu, likifika, linatobolewa kwa msumari hapohapo, asije mtu akalitumia nyumbani. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Siku moja likaja galoni gumu, zuri, na mfuniko wake upo. Kwetu mlimani maji ni ya mgao, nikalitamani. Nikabandua karatasi, nikalisugua kwa sabuni na mchanga, nikalianika juu ya jiwe. Jioni sikulikuta.

Wiki hiyohiyo nikaliona kwa Mama Neema, ambaye anaishi peke yake tangu binti yake aolewe. Lilikuwa limejaa maji ya kunywa.

"Nililikuta pale kwenye jiwe, dada," akaniambia. "Nikajua ni salama tu, maana la sumu ungeshalitoboa."

Ningesema, kikundi kizima kingejua nilichofanya. Nikajiambia nitamwambia kesho.

Kesho hiyo ikawa wiki tatu. Akaanza kutapika na kutokwa jasho, tukamkimbiza hospitali. Daktari akatuuliza tuliomleta, "Huyu amekunywa nini?" Wenzangu wakatazamana. Mimi nikatoka nikaenda nyumbani kwa Mama Neema, nikamwaga yale maji na kulitoboa galoni matundu hata sijui mangapi.

Alitoka hospitali akiwa hai, ila vidole havikurudi kufanya kazi. Sasa namsukia vikapu ili naye apate chochote. Jumapili iliyopita alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kumpa mimi, watu wakapiga makofi. Niliona aibu.

Nimekwenda kwake mara nyingi nikiwa nimejiandaa kusema. Nikifika tu, ananinyooshea ile mikono inayotetemeka nimkande, nami namkanda, kisha naondoka.

Wewe mwenye neno la kumwambia mtu, mwambie leo, hata akikuchukia. Mimi kesho nakwenda kwake tena. Nitamlisha ugali kwa mkono wangu, atasema asante dada, nami nitaitikia.