Siku Niliyobaki na Shafti Mkononi

Nawasimulia hili nikijua hamtanyamaza nalo, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa mke wangu, ambaye kila akilisimulia huongeza mbuzi. Mimi ndiye yule mtu aliyekwenda kuposa mwenyewe akaishia kutambulishwa kama fundi wa gari. Aibu yake naijua mimi na suti yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi bado hazijafika kwetu, nami nilikuwa mwalimu wa hesabu huko Mikinduri (ufundi wangu wote ulitoka kwenye kitabu kimoja cha magari, tena kisicho na jalada). Wanja, binti kutoka Kiambere niliyesoma naye chuoni, alikuwa amenikubali. Aliyebaki ni baba yake, mzee Ireri, ambaye hakuwa amewahi kuniona. Alikuwa ametuma neno moja tu: wazee waje kwa heshima, na wakikosa adabu siku hiyo wasirudi tena. Basi nikaazima pikapu ya jirani, tukapakia asali, kondoo, na ncoolo, lile fungu la miraa la heshima linalofungwa kwa majani ya mgomba. Wazee watano wakakaa nyuma kwenye benchi wakiongozwa na baba mkubwa M'Ikiara, na hakuna aliyekubali kukaa mbele, isije ikasemwa ndiye mkubwa kuliko wenzake. Mbele nikawa peke yangu na suti yangu ya kijivu.

Tulipoiacha Embu na kuanza kuteremka kwenye joto, gari likaanza kulia, ngo-ngo-ngo, chini, upande wa nyuma. Mtu mwenye akili angeendelea na safari. Mimi nikaona siwezi kuingia kwa wakwe na kelele kama hiyo, nikaamua kuichunguza.

Kitabu kilisema kwanza ujue kama kelele inafuata injini au magurudumu, nikatoa gia mteremkoni, na ngo-ngo-ngo ikaendelea, kwa hiyo si injini. Kisha kikasema uyumbe, maana beringi ya gurudumu hulia zaidi ikielemewa, nami nikayumba kushoto, nikayumba kulia, tena kushoto, na huko nyuma wazee watano na kondoo mmoja wakawa wanahamia upande huu na kurudi upande ule, mpaka M'Ikiara akagonga paa kwa bakora.

"Wewe kijana, umelewa?"

"Napima gari, baba!"

"Unapima gari ama unapima mifupa yetu?"

Nikasimama nikawaeleza. Sakafu ya nyuma ilikuwa na tundu la kutu, nikamwomba M'Ikiara apitishe bakora yake hadi iguse ekseli, aweke sikio juu yake, nasi tukaenda hivyo polepole, mzee mzima amepiga magoti, bakora ikimgonga sikio kila shimo. Akasema ni difu, lile boga la gia katikati ya ekseli. Mwenzake aliyewahi kuendesha trekta akasema ni shafti, lile bomba refu linalozunguka kati ya gia na difu. Na nyinyi mnawajua wazee wetu, hawaachi jambo bila hukumu. Wakajadiliana kilomita kumi nzima, kila mmoja akapewa nafasi yake, mwisho wakakubaliana kwa sauti moja kwamba mwenye makosa ni shafti.

Hukumu ilitolewa tukiwa juu ya kilima kinachotazama boma la akina Wanja. Chini tuliwaona wanawake wamesimama langoni, tayari kuimba. Nikasema nitoe shafti, nikaze viungo vyake, dakika kumi tu. Hendibreki ilikuwa imekufa zamani, nikaliacha gari kwenye gia ya kwanza. Wazee wakakataa kushuka. "Mtu wa posa hakanyagi chini kabla ya kukaribishwa," alisema M'Ikiara.

Nikaingia chini na spana. (Wanaojua magari wameshaanza kucheka. Kwa wengine: gia hushika magurudumu kupitia shafti hiyo hiyo, ukiitoa hakuna kinachoyashika.) Nati ya mwisho ikatoka, shafti ikaniangukia kifuani, na mimi niliyekuwa chini ya gari nikajikuta chini ya jua.

Gari lilikuwa linateremka bila mtu usukanini, kimya kabisa. Nikamsikia M'Ikiara akipaza sauti kwa furaha, "Imepona! Haina sauti hata kidogo! Kijana anajua kazi!" Nami nyuma nakimbia, shafti begani, napiga kelele nisimamishiwe gari langu, na wazee, wakidhani niko usukanini na huyu ni mtu wa njiani, wakanipungia mkono.

Wanawake walianza wimbo, wakaona usukani hauna mtu, wimbo ukawa mayowe. Gari likapita langoni bila hodi, likaingia zizi la mbuzi na kukwama kwenye miiba. Hakuna aliyeumia. Mbuzi wa mzee Ireri wakatoka wote, wakanipita mlangoni nikiingia, mweusi kwa grisi.

"Hii ndiyo heshima?" aliuliza mzee Ireri. "Na huyu ni nani?"

Nikaona posa yangu imekufa. M'Ikiara akanitazama, akajikung'uta koti.

"Huyo ni fundi tu," alisema. "Makosa ni yake. Kijana wetu ni mgonjwa, atakuja siku nyingine."

Basi wao wakaingia kuniposea, mimi nikabaki na mbuzi wa kusaka na shafti ya kurudisha. Wanja aliniletea chai, akaiweka juu ya boneti na kugeuka haraka, sijui kwa kicheko au kwa hasira. Kumbe kelele yote ilikuwa gurudumu la akiba lililoning'inia chini, mnyororo umelegea, linagonga ekseli (kule kilimani nililisukuma kando linipishe, likakwama, ndiyo maana likanyamaza mteremkoni). Nikakaza nati moja tu.

Jioni mzee Ireri akaja akainama kando ya gari.

"Fundi, huyo kijana anayetaka msichana wangu, unamjua?"

"Namjua, mzee," nilisema.

"Ni mtu wa maana?"

"Ni wa maana. Ila anaogopa kuonekana mjinga, na hapo ndipo anapokuwa mjinga kabisa."

"Anampenda?"

"Anampenda sana, mzee. Sana."

Akainuka.

"Basi mwambie nimekubali, aje nimwone. Lakini asiletwe na wewe."

Nikatii. Nilirudi mwezi uliofuata kwa basi, na tangu hapo gari likilia nyuma, mimi huongeza sauti ya redio.