Chuma cha Watu Wanne

Tulikwenda Dar es Salaam kwa sababu rola za mashine yetu ya kukamua miwa zilipasuka katikati ya mavuno, na hapa Turiani hatuna fundi wa kukereza chuma kinene kiasi kile. Mdogo wangu Mwanahawa, mwenye mimba ya kwanza, alitusindikiza hadi barabarani. Alimtazama mumewe Salumu, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, unirudishie huyu mzima."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Habari za vyuma nimejifunza mwenyewe kwenye vitabu chakavu, na najua kuwa chuma hakimsubiri mtu aondoe mguu.

Mchana tulishuka stendi ya Mbezi, tukapanda basi la mwendokasi. Pale Jangwani mvua ilikuwa imepita. Watu walikuwa wakikomba tope milangoni mwao. Salumu alihesabu maghorofa ya Kariakoo. Mimi nilitazama ardhi tu: kila mahali utelezi, na mzigo wetu ungepita hukohuko.

Mtaa wa Gerezani tulikipata tulichokitaka uani kwa muuza vyuma: chuma cha mviringo, kimejaa hadi ndani, upana sentimita ishirini, urefu mita mbili. Fundi alikuwa ng'ambo ya mtaro, na juu ya mtaro zilitandazwa mbao mbili zilizolowa.

Nikakipima. Nusu ya upana ni kumi. Kumi mara kumi, mara tatu nukta moja nne, mara urefu wa sentimita mia mbili: karibu lita sitini na tatu, yaani ndoo kubwa tatu za maji na ziada. Lakini chuma kina uzito wa karibu mara nane ya maji. Kilo mia tano, pungufu kidogo. Nikarudia hesabu nikiomba niwe nimekosea. Jibu likawa lilelile.

Chande, kiongozi wa wapagazi, hakupima kitu. Kwao mzigo hautajwi kwa kilo, hutajwa kwa watu. Alikigusa chuma kwa ncha ya kiatu.

"Hiki cha watu wanne, mzee."

"Umejuaje?"

"Jana tumebeba mwenzake. Urefu huuhuu, upana nusu ya hiki. Tulikuwa wawili. Sasa mbili na mbili ngapi?"

"Hiki ni cha watu wanane," nikasema.

"Wanane! Mzee, tunabeba chuma au jeneza?"

Wenzake wawili wakaangua kicheko. Wa nne wao hakuwepo, na kabla sijasema neno Salumu alikuwa ameshavua shati.

"Shemeji, acha."

"Magunia nabeba kila siku, shemeji."

"Mwache mkulima, ana shingo ya ng'ombe huyo!" mmoja akadakia.

Wakakifunga kamba, wakapitisha mpiko, ule mti mrefu wa kubebea, wakauweka mabegani. Salumu alisimama mbele, kandambili zake zikiwa chini kabisa ya chuma. Nikaokota vipande vinne vya chuma cha pembe nne kwenye rundo la muuzaji, nikavipanga mbele ya Chande, viwili juu ya viwili.

"Chande, tazama. Kipande kimoja ndicho chuma cha jana. Ukizidisha upana mara mbili, kinatanuka na kwenda juu pia. Vingapi hapa?"

"Vinne."

"Na kimoja kilibebwa na wangapi?"

Akavitazama vile vipande, midomo yake ikihesabu. Lakini nyuma yake mwenzake alikuwa amechoka kusubiri. "Haya, moja, mbili, juu!"

Chuma kikaachana na ardhi kwa kimo cha kiganja. Mti ukalia.

"Ondokeni chini!" nikapiga kelele.

"Rukeni!" Chande akaitikia papo hapo. "Rukeni, wanangu!"

Wakaruka. Mpiko ukakatika, chuma kikaanguka kwa mshindo. Salumu alikuwa amekaa kwenye tope, anahema. Kandambili yake moja ilikuwa chini ya chuma.

Hapakuwa na aliyecheka. Chande aliita watu mpaka wakatimia wanane, akaleta miti miwili mipya. Zile mbao nilizikataa. Tukazunguka hadi kwenye daraja la zege.

Rola zilipokamilika, tulikodi gari la mizigo. Njia nzima nilikuwa nageuka kutazama kamba.

Nyumbani nimeyaandika haya kwa wenzangu wenye mashine kama yetu. Kuupata uzito ni kazi ya dakika chache, ukijua vipimo na ukijua chuma kinayazidi maji kwa kiasi gani. Kumfanya mtu asogee ndiyo kazi. Ilinipasa nimshike Salumu mkono kwanza, hesabu zifuate.

Jioni ile tuliyorudi, Mwanahawa alitupakulia wali. Salumu akamsimulia, akichekacheka, jinsi nilivyopiga kelele mbele za watu.

"Kaka naye! Uliogopa nini?"

Mguu wa Salumu ulikuwa umenyooshwa juu ya mkeka, vidole vitano. Nikavihesabu, kisha nikamwomba Mwanahawa maji ya kunawa.