Kaka Yangu kwa Vijana Wawili

Mwaka ule niliwapa watu wa Columbus kaka yangu, nikapokea vijana wawili, na kwa miezi miwili nikajiona mtu mwenye akili kuliko wote South End ya Louisville.

Nianze na mpira wenyewe. Makanisa yetu matatu yanayosali kwa Kiswahili, la Louisville, la Columbus na la Buffalo, yalikutana kila kiangazi kwa ibada, nyama ya mbuzi na michezo. Zamani tulicheza soka. Soka ikatuletea balaa: penalti moja iliwafanya wazee wawili wa kanisa wasipeane mikono hadi Krismasi. Wachungaji wakakaa, wakaamua tucheze besiboli, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeijua kiasi cha kuweza kuigombania. Wamarekani waliotuazima jengo la kusalia wakatupa katoni mbili za glovu na fimbo za kupigia. Baada ya mwaka mmoja tulikuwa tumeijua vya kutosha, tukaanza kugombana.

Timu yetu ilikuwa ya mwisho kila mwaka. Mimi nilikaa pembeni nikisema ninayoyaona, na sauti yangu si ndogo. Mchungaji akachoka, akasema kama najua sana basi niiongoze mwenyewe. Alidhani nitaona haya, mama wa watoto watatu, mwimbaji wa kwaya. Jumapili iliyofuata nilikuja na daftari.

Elimu yangu niliipata kazini, ghalani, kwa mzee mmoja Mmarekani tuliyekuwa tukifunga maboksi meza moja. Mzee huyo alishabikia timu iliyokuwa haijashinda kitu tangu yeye ana nywele, kwa hiyo mambo ya kushindwa aliyajua kwa undani. Alinifundisha kwamba timu mbovu hung'ang'ania mchezaji wake mmoja mzuri, aliyeanza kuzeeka, huku wengine wote ni mizigo. Huyo mmoja anakupatia viushindi viwili vitatu vya kukufariji, halafu goti linakufa na wewe unabaki mikono mitupu. Dawa ni kumtoa akiwa bado anatamaniwa, uchukue vijana wenye nguvu, uvumilie kushindwa miaka mitatu, na mwaka wa nne utawacheka wote. Nilimuuliza kama timu yake ilifanya hivyo. Akasema ndiyo, wako mwaka wa saba.

Mchezaji wetu mmoja mzuri alikuwa kaka yangu. Alikuwa amepita arobaini na goti lake la kulia lilikuwa likilalamika kwenye ngazi. Tulipoingia kambini Tanzania tukitoka Burundi, mimi nilikuwa na miaka kumi na wazazi hatukuwa nao tena. Ni yeye aliyenilea. Alisimama foleni ya mahindi na kadi yetu, akanisuka nywele vibaya mbele ya watu, akahakikisha nasoma. Marekani tulikuja pamoja, na mume wangu aliponioa alimkuta yupo tayari chumba cha nyuma kama kabati la nyumba. Kule kambini alikuwa akipasua kuni kwa ujira, na mpira aliupiga vile vile, bila hasira, ukapotea.

Sheria ya mashindano ilisema kila mtu achezee kanisa lake. Kwa hiyo kubadilishana wachezaji kulihitaji barua ya uhamisho, ile ile ambayo mshirika akihama mji kanisa humwandikia, kwamba huyu ni ndugu yetu, mpokeeni. Mimi niliiona ni karatasi ya mchezo. Katibu akaigonga muhuri, nikaituma kanisani kwao Columbus, barabara ya Morse Road, wao wakaniletea mbili za vijana wao.

Kosa lile Mmarekani hawezi kulifanya hata ajitahidi. Kwetu barua ya uhamisho haisomwi tu ikawekwa kwenye faili. Mtu aliyekuja nayo ni wa kanisa zima. Anatafutiwa nyumba, kazi na sufuria, na kama hana mke, hilo nalo linaingizwa kwenye ajenda. Nilikuwa nimelijua hilo maisha yangu yote, na siku ile sikulikumbuka hata kidogo.

Kaka yangu nilimwambia mezani, Jumamosi mchana, tukila ugali na dagaa. Nilimweleza yote, uzee, goti, thamani yake sokoni, mwaka wa nne. Nilizungumza vizuri sana. Alinisikiliza hadi mwisho, akamega tonge.

"Lini?" akauliza.

"Wiki ijayo, kaka."

"Haya, mdogo wangu."

Nikaandika kwenye daftari kwamba mchezaji amekubali. Aliosha sahani yake, akaingia chumbani kukunja nguo. Siku ya kuondoka nilimwona akipakia koti la baridi, na ilikuwa Juni. Nililiona koti lile kwa macho yangu mawili, nikaendelea kumweleza namna ya kumsoma mrushaji wa Buffalo.

Vijana wangu walifika kwa basi. Mmoja alikuwa na mkono wenye nguvu za kutisha usiojua unakotupa. Wiki ya kwanza alivunja kioo cha gari la mchungaji, na wiki ya pili akavunja kile kipya. Mwenzake alikuwa mwepesi sana, mradi mpira usije upande wake. Wote wawili walilala chumba cha nyuma, wakapata shifti ghalani, na wakala. Walikula mpaka mume wangu akaanza kujificha na mkate. Mimi nilivumilia, nilikuwa najenga timu upya.

Habari za Columbus zilikuja kwa simu za kina mama. Kaka yako amepewa apatimenti nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika. Kaka yako anaendesha fokolifti, gari la kunyanyulia mizigo. Kaka yako anaimba besi kwaya ya pili. Kaka yako ameonekana mtaa wa Clintonville na mjane mmoja Mtanzania, wanakula aiskrimu. Hiyo ya aiskrimu ilinikera kabisa, maana kwangu alikuwa akisema meno yake hayataki baridi. Yeye mwenyewe alipiga kila wiki, akauliza kama watoto wamekula, tukaongea habari za mvua, tukakata. Nilisubiri tu mashindano yaishe arudi.

Yalifanyika Buffalo, siku ya upepo wa ziwa uliokuwa ukitunyang'anya sahani za karatasi. Tulipangwa na Columbus. Kijana wangu mvunja vioo alimrushia kaka yangu mpira uliokwenda sawa, wa kwanza tangu aje, na kaka yangu akaupiga ukavuka uzio, ukavuka maegesho ya magari, na hatukwenda kuutafuta. Niliruka nikapiga vigelegele kabla sijakumbuka mimi ni nani. Mume wangu akanivuta sketi nikae. Tulishindwa vibaya kuliko miaka yote.

Wakati wa nyama nilimfuata.

"Haya kaka, mchezo umekwisha. Gari letu lina nafasi, twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu. Chumbani kwako. Hawa vijana nitawalaza sebuleni."

"Mdogo wangu, si ulinitoa?"

"Nilikutoa kwenye besiboli."

Alifuta mafuta mikononi polepole. "Mimi nilidhani umenichoka," akasema. "Nikasema, mtoto huyu ana watoto watatu na nyumba ndogo, anaona aibu kuniambia, ametafuta njia ya heshima. Nikashukuru umetumia barua ya kanisa. Wengine hufukuza ndugu kwa matusi."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia, na kwa kuwa watu walikuwa wakitutazama sikufanya lolote. Miezi miwili mtu huyu alikuwa analala Columbus akiamini nimemfukuza, na bado akapiga simu kuuliza kama watoto wangu wamekula.

Nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji wa Columbus, Mkongo mpole wa Bukavu, nikamwambia namchukua kaka yangu, na yeye achukue vijana wake wote wawili pamoja na glovu zetu. Alicheka mpaka akaona mimi sicheki.

"Bon, mama," akasema, "ule muntu tulisha mupokea. Tulimupatia nyumba, tulimuombea. Donc hatuwezi kumurudisha sawa valise ya manguo. Ye mwenyewe akisema anarudia, tutaandika barua."

Kaka yangu alikuwa amesimama karibu na alisikia kila neno. Aliniongezea nyama kwenye sahani. Tulirudi Louisville na kiti kitupu garini, na Columbus tuliipita bila kusimama.

Jumatatu nilimsimulia yule mzee ghalani. Nilitegemea atacheka, hakucheka. Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunifundisha, kwamba mchezaji aliyecheza ligi kuu miaka kumi, mitano ya mwisho akiwa na timu ile ile, hatolewi bila ridhaa yake. Lazima aulizwe.

"Huyo wako amekuwa nawe muda gani?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba tangu nizaliwe. Akafunga boksi lake, akavuta lingine.

Saa ya chakula nilitoka nje nikampigia. Kwa mara ya kwanza maishani sikumweleza kitu.

"Kaka," nikasema, "wewe unataka kukaa wapi?"



"Huku," akasema. "Nimepapenda huku."

Nikasema sawa, na machozi yalikuwa yanatoka.

"Lakini uniulize tena Jumapili," akasema.

Jumapili nikamuuliza, akanijibu huku. Jumapili iliyofuata kwaya ilichelewa kutoka na nikasahau, na nilipokuwa naandaa chakula simu ikalia. Alikuwa yeye, ananiambia bado hajaulizwa.