Kuuza Moshi kwa Simu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa mume mwema kwa miaka mingi, akamchukua kwa wakati aliouandika, na akaniachia pumzi ya kumshukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyefanya biashara akaitwa mwaminifu kabla hajapewa utume.

Nilikaa eda katika chumba cha juu cha nyumba yetu, Mji Mkongwe. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hatoki ovyo, havai mapambo wala hajitii manukato mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Hukumu hii niliisoma chuoni nikiwa mtoto, na nikaja kuwasomesha wanawake wenzangu. Niliisomesha nikiwa natoka na kuingia nitakavyo. Sasa nilikuwa naisoma upya, kitako, ndani ya kuta nne.

Kazi yangu ni kutengeneza udi wa sukari: vijiti vya udi vilivyotwangwa, sukari iliyopikwa, marashi na mafuta mazuri. Mimi nilipika, mume wangu akauza. Duka liko ng'ambo ya kichochoro, mkabala na dirisha langu, na kichochoro chetu ni chembamba hata wapitao hulazimika kupishana kwa ubavu. Kutoka kitandani nililiona kufuli lake kila nilipofungua macho. Wateja walifika, wakaligusa, wakaondoka. Sikuweza kuteremka kuwafungulia, na hata ningeweza, nisingeshika udi. Niliiogopa nafsi yangu. Nilijua nikiunusa tu nitatamani kujifukiza.

Siku moja shemeji yangu, kaka wa marehemu, alipanda ngazi akakohoa nje ya pazia.

"Shemegi, upo?"

"Naam. Nitakwenda wapi?"

Alicheka kidogo, kisha akasema lililomleta. Mlango ule wa duka waliurithi yeye na marehemu kwa baba yao, na alikuwa na haki ya kuusemea. Palikuwa na mtu anautaka, auze picha za kuchora kwa watalii.

"Mwambie duka lina mwenyewe," nilisema.

"Mwenyewe yuko juu, na kufuli linaota kutu. Mimi sikuharakishi. Lakini mwezi ukiandama bado pamefungwa, ntampa."

Hakuwa na ubaya. Alisema kweli, nayo ndiyo iliyonibana. Nikitoka eda bila duka ningekuwa mjane mwenye vyungu tu.

Binti yangu, anayekaa Amani, alikuja asubuhi yake akanikuta natazama kufuli.

"Mama, wewe unakaa eda. Na duka nalo limefiwa?"

Alitoa simu. Alikuwa keshapiga picha makopo yetu, keshafungua ukurasa wa duka mtandaoni. Jioni shemeji alipopata habari tulimsikia akicheka tangu chini ya ngazi.

"Shemegi! Ati unauza moshi kwa simu? Utaufunga kwenye bahasha?"

Na mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Picha hainuki.

Binti yangu aliandika: "Udi bora, harufu nzuri, bei poa." Watu walitazama wakapita. Ikaja meseji moja tu, kutoka kwa mama mmoja wa Nungwi aliyekuwa anamwoza mwanawe: "Nzuri vipi?"

Swali hilo lilinikaa usiku na mchana. Chuoni tulisoma kwamba kitu kisichoonekana huuzwa kwa kutajwa sifa zake, na kikija kinyume cha sifa hizo, mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Basi simu haikuleta jambo geni. Ilinitaka niseme sifa. Lakini pua yangu nilikuwa nimeifunga mwenyewe, ikabidi nizikumbuke harufu kama mtu anavyokumbuka sauti ya maiti wake.

Nikamwambia binti yangu aandike: "Huu unanuka kama kanga iliyotoka sandukuni siku ya Idi. Moshi wake mwepesi, hauwashi koo. Hudumu nguoni mpaka asubuhi, haufiki jioni. Mwenye pumu asiununue."

"Mama! Unamfukuza mteja?"

"Andika."

Mama wa Nungwi aliagiza siku ile ile.

Binti yangu aliupika kwake Amani ili harufu isinifikie, akauleta ndani ya kopo lililofungwa. Nililipakata. Udi wa kwanza kuuzwa kwa maneno yangu, na siwezi kufunua mfuniko.

"Unanukaje?" nilimuuliza.

"Unanuka udi, Mama."

"Nenda ngazini, ukafunue, unambie."

Alirudi akinywea. "Mzuri. Ila mwishoni... kama njugu zilizoungua."

Sukari ilikaa motoni kupita kiasi. Harusi ilikuwa karibu, na mwezi mpya pia.

"Nani atajua, Mama? Wataufukiza, watapiga vigelegele, yamekwisha."

"Ntajua mimi niliyesema sifa zake."

Tukamwandikia yule mama kwamba udi umeungua kidogo, tunapika mwengine, na kama hawezi kungoja tutamrudishia fedha zake. Jibu halikuja. Siku ile chumba kilikuwa kidogo kuliko siku zote. Nilisali, nikavuta uradi, macho yakarudi kwenye kufuli. Baada ya Isha simu ikalia: "Pikeni mwengine. Na huo ulioungua niuzieni rahisi, tufukizie uani."

Udi wa pili ulipanda gari la Nungwi. Usiku wa harusi yule mama aliniletea ujumbe wa sauti, vigelegele vimejaa, na yeye anapiga kelele juu yake: "Bi mkubwa, ni vile vile ulivyosema!" Nililia. Akawapa jamaa zake ukurasa wetu, wakaagiza watu wa Pemba, wakaagiza wa Maskati, watu ambao kichochoro chetu wasingekijua maisha.

Mwezi ulipoandama, shemeji akakohoa nje ya pazia.

"Shemegi, upo?"

"Nipo."

"Yule wa picha nimemwambia atafute pengine. Tena mke wangu anataka udi. Namwambia ntakwenda kumchukulia kwako, ananambia hapana, anataka ule wa kwenye simu."

"Mwambie asome sifa zake kwanza."

Aliteremka akicheka, akavuka, akafungua kufuli ili duka lipate hewa kabla binti yangu hajaja kukaa dukani kwa niaba yangu. Harufu ya miaka yote ile, ya mbao na marashi na mikono ya mume wangu, ikavuka kichochoro ikaingia kwangu. Siku zangu za eda zilikuwa bado. Niliinuka, nikasema alhamdulillahi, nikafunga dirisha.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuruzuku halali kwa njia usiyoitazamia, ajaalie unachokiuza kifanane na ulivyokisema, na akiwapo aliyefungika nyumbani mwako, amfungulie kwa kheri na kwa wakati wake. Amin.